Miche ya nyanya inalala? Usikimbilie maji

Unaotesha nyanya kwenye trei nyumbani hapo Kilosa, asubuhi unakuta miche imelala. Kabla ya kumwagilia, angalia shina. Likiwa limelainika na kusinyaa usawa wa udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa fangasi unaopenda unyevu na msongamano. Maji zaidi yanaumaliza mche.

Cha kufanya:
- Ng'oa miche iliyougua pamoja na udongo wake.
- Toboa trei chini maji yatoke.
- Punguza iliyobanana.
- Mwagilia asubuhi, udongo wa juu ukianza kukauka.

Mirefu na myembamba? Hiyo inatafuta mwanga. Izoeshe jua kidogo kidogo.

Iliyolainika shina haiponi, ila iliyobaki unaweza kuiokoa. Ukiotesha tena, usichote udongo uliopandwa nyanya, pilipili au bilinganya.