Lamu: Mji wa kale ambao bado una wenyewe

PWANI ya Kenya imejaa miji iliyokufa. Huko Gede, karibu na Malindi, miti imemea ndani ya kumbi za watawala. Jumba la Mtwana na Mnarani, katika Kaunti ya Kilifi, ni kuta zinazoitazama bahari. Miji hiyo ilikuwa na misikiti, visima na wafanyabiashara waliopakua chakula katika sahani za kauri kutoka China. Leo wakazi wake ni tumbili na walinzi wa magofu.

Mji wa Kale wa Lamu ni wa rika moja na miji hiyo, ila wenyewe hawakuhama. Hauna lango la kuingilia wala tiketi. Anayeuingia anaingia katika makao ya watu: watoto wanakwenda madrasa, punda wanabeba mchanga na saruji, wazee wanazungumza barazani, na mwadhini anaita mara tano kwa siku. Mwaka wa 2001, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO, liliutambua kuwa Turathi ya Dunia, likiueleza kuwa makao ya Waswahili ya kale zaidi na yaliyohifadhika vyema zaidi katika Afrika Mashariki.

Kwa msafiri, tofauti hiyo ni kubwa. Gofu hutazamwa. Mji wenye watu una adabu zake, na hauna budi kusomwa.

Umri wa mji

Wenyeji huuita mji wao Amu. Msikiti wa Pwani, ulio karibu na Ngome, huhesabiwa kuwa ulijengwa mwaka wa 1370. Mwanahistoria wa Misri, Abu al-Mahasin, aliandika habari za kadhi wa Lamu aliyekuwa Makka mwaka wa 1441. Wareno walipopita na majeshi yao mwaka wa 1506, mtawala wa Lamu alikubali kulipa kodi kuliko kuuona mji ukiteketezwa.

Hata hivyo, mgeni asidhani kwamba kila ukuta augusao ni wa zama hizo. Nyumba nyingi kuu za mawe zinazosimama leo zilijengwa katika karne ya 18, wakati wa neema. Kilicho cha kale zaidi ni mpango wenyewe wa mji: njia nyembamba, mitaa ya koo, misikiti iliyo karibu karibu, na nyumba zilizoipa njia mgongo ili faragha ya ndani isiguswe.

Neema ile ilikuwa na uchungu ndani yake. Lamu ilitajirika kwa pembe za ndovu, boriti za mikoko na nafaka, na mashamba ya bara yaliyotoa nafaka hiyo yalilimwa na watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907, mashamba yalikuwa yameanza kudidimia. Kabla ya hapo, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilikuwa imeshaielekeza biashara ya bara kwenye bandari hiyo. Lamu ikabaki kando.

Kubaki kando ndiko kulikouhifadhi mji. Hapakuwa na fedha za kubomoa nyumba za kale na kujenga mpya, wala sababu ya kupanua njia ili magari yapite.

Safari ya kufika

Ndege hutua katika kisiwa cha Manda, kisha abiria huvuka mlango wa bahari kwa boti kwa dakika chache. Wanaosafiri kwa basi kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, safari ya zaidi ya kilomita 300, halafu hupanda boti.

Barabara ya Garsen hadi Lamu sasa ina lami, lakini eneo la bara la kaunti hii limewahi kushambuliwa na magaidi. Mnamo Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji jirani. Ni busara msafiri aulize hali ya usalama kabla ya kuondoka.

Kati ya Desemba na Machi, pepo za kaskazi zinapovuma, hali ya hewa huwa kavu na yenye joto. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Aprili hadi Juni. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana. Sherehe za Maulidi, katika mwezi wa Mfungo Sita, huwaleta wageni wengi na vyumba hujaa mapema.

Kuusoma mtaa

Barabara ya ukingoni mwa bahari, ambayo ndiyo ya kwanza kuonwa na mgeni, ni mpya kuliko nyingine. Ilijengwa juu ya ardhi iliyojazwa, ambapo zamani maji yalifika karibu na Ngome. Nyuma yake ndiko kuna njia kuu ya kale, Usita wa Mui, inayokwenda sambamba na pwani na kupita madukani.

Upande wa kaskazini ni Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe za koo kongwe. Upande wa kusini ni Langoni, ambako nyumba za udongo na makuti zilikuwa nyingi, na ambako wageni, mafundi na watu wa hali ya chini walifanya makao. Ni upande huo wa kusini ulikosimama Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija. Habib Swaleh aliwafundisha dini hata watumwa na wazao wao, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mji hawakulipenda. Leo Maulidi ya Riyadha ndiyo sherehe kubwa kuliko zote mjini.

Katika vichochoro, punda wawili waliobeba mizigo hupishana kwa taabu. Wembamba huo si kasoro, kwani kuta ndefu huzuia jua na njia hubaki na kivuli karibu siku nzima. Mahali pengine mgeni hupita chini ya chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Hicho huitwa wikio. Kwa desturi ya koo zenye uwezo, binti alipoolewa alijengewa nyumba na baba yake, na mume ndiye aliyehamia kwake. Nyumba ya binti ilijengwa juu ya ile ya wazazi au ng'ambo ya njia, na wikio ikawawezesha wanawake kutembeleana bila kushuka mtaani.

Ndani ya nyumba

Nyumba ya mawe huanzia dakani, ukumbi mdogo wa nje wenye baraza mbili za mawe. Hapo ndipo mwenye nyumba anapokaa na wanaume wenzake. Nyuma ya mlango wa nakshi kuna tekani, kiingilio kilichopindishwa ili apitaye nje asiweze kuchungulia. Kisha ni kiwanda, ua ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa. Kutoka hapo vyumba hufuatana, kila kimoja kikiwa cha siri zaidi ya kilichotangulia: misana miwili, halafu ndani, chumba cha bibi wa nyumba.

Vyumba hivyo ni virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni mti. Dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti, ambao haufiki mita 3. Kuta za ndani zimechongwa zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu kwa ajili ya vyombo vya kauri na vitabu. Katika chumba cha kuogea kuna birika la maji, na humo hufugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu.

Mgeni asiyemjua mwenyeji yeyote anaweza kuyaona haya yote katika Makavazi ya Nyumba ya Kiswahili, huko Mkomani.

Ngome na makavazi

Ngome ya Lamu ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, vya mnamo 1812 na 1813, ambapo watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa. Ilikamilika karibu mwaka wa 1821 kwa msaada wa Oman. Serikali ya kikoloni iliigeuza gereza, na iliendelea kuwa gereza hadi mwaka wa 1984, ilipokabidhiwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Makavazi ya Lamu yamo katika jumba la karne ya 19 lililo ukingoni mwa bahari, ambamo aliwahi kuishi balozi mdogo wa Uingereza, Jack Haggard. Hazina yake kuu ni siwa mbili: ya pembe za ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu. Siwa zilipulizwa watawala walipotawazwa na katika harusi za koo kubwa. Karibu na hapo pana jengo la posta iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka wa 1888 na kufungwa mwaka wa 1891.

Adabu za mgeni

Lamu ni mji wa Kiislamu, na wakazi wake ni wakarimu kwa anayeheshimu hilo. Mavazi yafunike mabega na magoti mtaani. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Salamu hutangulia swali lolote, hata la kuuliza njia. Picha ya mtu, hasa ya mwanamke, haipigwi bila idhini. Mlango ulio wazi si mwaliko. Hodi hupigwa, na ikikosa jibu mara tatu, mgeni huondoka. Asiye Mwislamu aulize kabla ya kukanyaga ngazi za msikiti.

Kinachoushikilia mji

Mawe ya matumbawe huchimbwa Manda, na chokaa hupatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo. Ukuta uliopakwa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huharibika taratibu huku sura yake ya nje ikiwa nzima. Saruji, hata hivyo, inauzwa kila duka, na fundi wa chokaa hana budi kutafutwa. Boriti nazo si rahisi kupatikana kila wakati: marufuku ya kitaifa ya ukataji miti ya mwaka 2018 iliwagusa wakataji wa mikoko pia.

Gharama hizo ndizo huzifanya baadhi ya familia ziuze nyumba zao. Wanunuzi, wengi wao wakiwa wageni matajiri, huzikarabati kwa ustadi, lakini nyumba nyingine hufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukuta umepona, daka limebaki bila watu. Msafiri anaposhangilia uzuri wa nyumba aliyopanga, anafaa kukumbuka hesabu hiyo, na akipata nafasi ya kulala katika nyumba inayoendeshwa na wenyeji, fedha zake huchangia kumweka mwenye nyumba mahali pake.

Maji matamu ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kila hoteli inayojengwa juu ya vilima hivyo inaigusa bilauri ya kila mkazi. Pikipiki nazo zilipoanza kuingia vichochoroni, serikali ya kaunti ililazimika kuzipiga marufuku katika Mji wa Kale.

Kubwa kuliko yote ni bandari. Gati la kwanza la bandari mpya, upande wa bara, lilifunguliwa Mei 2021 kama sehemu ya mradi wa LAPSSET unaokusudiwa kuziunganisha Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini. Mwaka wa 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa hasara waliyoipata. Mwaka wa 2019, leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa karibu na hapo ilifutwa na jopo la kitaifa la mazingira. Biashara iliyoihama Lamu pamoja na reli inarudi, na safari hii mji hauwezi kutegemea kusahauliwa ili upone.

Takwa

Siku ya mwisho itengewe Takwa, katika kisiwa cha Manda. Ulikuwa mji wa mawe uliostawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Inaaminika kwamba kukosekana kwa maji matamu na uhasama na Pate vilichangia. Kuta za nyumba zake zinaonekana, na msikiti wake wenye nguzo juu ya kibla bado umesimama. Watu wa Shela, wanaojihesabu kuwa wazao wa Takwa, huenda huko kuomba dua penye kaburi la mnara.

Mkondo wa kuendea Takwa hupita katikati ya mikoko na huingilika maji yakiwa yamejaa tu. Nahodha hatakubali mgeni akawie, kwa sababu maji yakitoka chombo hukwama matopeni. Hivyo safari ya kurudi huanza mapema, na mbele, ng'ambo ya maji, huonekana Amu: safu ya nyumba nyeupe, madau yakishusha mizigo, na watu wakielekea misikitini.