Makasha ya Barua ya Kilwa

Mwandishi wa Kitab as-Sulwa, tarikh ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, ametuachia siku yake ya kuzaliwa: Jumatatu, tarehe 2 Mfungo Mosi mwaka 904 wa Hijra, yaani Mei 1499. Jina lake hatulijui. Alikuwa mtoto wa miaka sita wakati Mreno Francisco de Almeida alipoingia Kilwa Kisiwani Julai 1505, askari wake wakaupora mji, na Wareno wakajenga ngome ambayo waliihama mwaka 1512. Alipokuwa mtu mzima alikaa akaandika habari za masultani, tangu wale wanaosemwa kuja kutoka Shiraz. Katika utangulizi wake aliahidi milango kumi. Iliyotufikia ni saba.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, na mtu huyu namsoma kama ninavyomsikiliza jirani. Nilipokuwa nikiwavusha watoto kutoka Masoko kwenda Kisiwani, tukasimama ndani ya Msikiti Mkuu au kwenye kuta za Husuni Kubwa, maswali yao yalikuwa ni yaleyale. Mwalimu, walikula nini? Choo kilikuwa wapi? Watoto walicheza na nani? Kitabu kinajibu nani alitawala baada ya nani, na kwa muda gani. Ibn Battuta, msafiri aliyepita hapa mwaka 1331, anatusimulia ukarimu wa Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Lakini bei ya mtama sokoni, ugomvi wa mtu na mkwewe, maoni ya mvuvi juu ya sultani huyo mkarimu, hayo hakuna aliyetuwekea.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu pwani yetu haikukosa kalamu. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yanayojulikana ni barua zilizotoka Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, kwenda kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Mmoja wa wenye barua hizo alikuwa mwanamke, Malkia Fatima wa Kilwa. Ukitaka kuziona leo, itakubidi uende India, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa.

Miaka mia na zaidi baadaye, Kivinje ilipokuwa bandari kubwa ya pembe, sandarusi na, kwa aibu yetu sote, ya watu waliofungwa minyororo, karatasi zilikuwa nyingi mjini. Mfanyabiashara hakuweza kuishi bila barua. Msafara ulikwenda hadi Nyasa, mali ilikuwa ya mkopo, mdai yuko Unguja. Kila kitu kiliandikwa.

Nimeziona barua za namna hiyo kwa macho yangu, maana babu mzaa mama alikuwa nazo. Alikuwa mchuuzi wa nta na ufuta. Aliandika kwa kalamu ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe, wino akauchanganya kwa masizi na gundi ya mti. Barua ilianza kwa salamu ndefu, za mwandikiwa, za watu wa nyumba yake na za majirani wote. Ndipo linakuja neno "ama baada," na hapo ndipo kila mtu anatega sikio, maana babu alizisoma kwa sauti, na barua ya mtu mmoja ilikuwa ya baraza zima. Habari zenyewe zilikuwa za maisha: jahazi limechelewa, fulani kaoa mke wa pili na nyumba imewaka moto wa maneno, mvua ya vuli imekata tamaa. Na ndani yake mlikuwa na maoni. Babu hakumung'unya maneno kuhusu kodi, kuhusu vijana, wala kuhusu bei aliyopewa.

Bibi yangu alisoma msahafu vizuri kuliko wanaume wengi wa mtaa wetu, lakini hakufundishwa kuandika. Wazee walisema msichana akijua kuandika ataandikiana na wanaume. Kwa hiyo zaidi ya karne mbili baada ya barua za Malkia Fatima, mwanamke wa Kilwa alikuwa na mengi ya kusema na hana pa kuyaweka. Na chini yake walikuwepo ambao hata chuoni hawakuingia. Swema, binti wa Kiyao aliyeletwa Kilwa na msafara wa watumwa katika miaka ya 1860 kisha akapelekwa Unguja, tunamjua kwa sababu wamisionari Wafaransa waliyachukua masimulizi yake wakayachapisha. Maelfu waliopita bandari hiyohiyo hawana hata mstari.

Babu alipofariki, kasha lake la barua lilifukiwa. Halikufukiwa kwa dharau. Waliobaki hawakuwa wakisoma tena khati ile, na kwa kuwa kila barua ilianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, waliogopa karatasi zenye jina Lake zisije zikakanyagwa au kufungiwa karanga. Wakachimba shimo safi nyuma ya nyumba wakazistiri. Nimeuliza Kivinje, nimeuliza Lindi mjini, na watu wengi wameniambia hivyohivyo: makasha yao yalifukiwa, au yalichomwa kwa heshima, au mchwa waliwahi. Heshima na mchwa, kwa pamoja, vimekula historia ya nyumba zetu.

Kilichosalia, basi, ni nini? Kwa sehemu kubwa ni kile ambacho mgeni alikitaka. Tarikh ya Kilwa ilinakiliwa Unguja mwaka 1877 ikafika mikononi mwa John Kirk, balozi wa Uingereza, na leo nakala hiyo imo katika Maktaba ya Uingereza, London. Maandishi yake ya Kiarabu yalichapishwa kule mwaka 1895. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya hapa Kilwa kwa kuupinga utawala wao. Na Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali hiyohiyo, aliwataka wenyeji waandike, na mwaka 1907 akachapisha Berlin habari za kale za Kilwa, Lindi, Sudi na Mikindani kwa Kiswahili. Humo ndimo tunamkuta Mrimba, mwenyeji wa Kisiwani aliyekubali kukiacha kisiwa kwa nguo zilizotandazwa kukizunguka. Utenzi wa vita vya Majimaji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, ulichapwa na Wajerumani kwanza, kisha ukatolewa tena Afrika Mashariki mwaka 1957.

Nawashukuru waliotunza. Lakini anayeuliza ndiye anayechagua jibu. Dola iliyotaka kututawala iliuliza nani mwenye nchi, nani jumbe, mpaka uko wapi. Haikuuliza bibi alipikaje mboga ya kisamvu mwaka wa njaa. Ndiyo maana tarikh zetu zimejaa masultani na majumbe, na jikoni kuko kimya.

Serikali hiyohiyo iliiogopa karatasi ambayo haikuiagiza. Mwaka 1908 barua iliyosemwa imetoka Makka ilitua Lindi, ikiwaonya Waislamu kwamba Kiyama kimekaribia na kuwataka wautubie uovu. Watu waliinakili kwa mkono, ikasambaa pwani. Miaka ya Majimaji ilikuwa bado mibichi, na Wajerumani wakaona uasi mwingine unakuja, wakakamata watu. Barua ile ninaifikiria kila ninapopokea kwenye simu ujumbe wa kutishia, wenye amri ya kuutuma kwa watu kumi. Tabia ya kusambaza maneno yasiyo na mwenyewe si ya leo.

Mwaka uliofuata, 1909, wataalamu wa Kijerumani walianza kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, bara ya Lindi. Kazi ilidumu hadi 1913. Mamia ya watu wetu walichimba, na wapagazi waliteremsha mifupa hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu, mizigo kichwani. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 aina moja ya dinosaria ilipewa jina lake. Wazungu wa kambi ile waliandika vitabu na taarifa. Sijapata kuona shajara hata moja ya mpagazi, iseme shingo ilivyouma au walivyolipwa.

Hata mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipotumwa kukusanya kumbukumbu za Majimaji, walikwenda kwa wazee waliokuwa wangali hai. Umatumbi, ambako vita vilianza Julai 1905, masimulizi yalikuwa bado moto vinywani. Wangechelewa miaka ishirini, wangekuta makaburi.

Mimi nilikuwa na kauntabuku. Nilianza kuandika nilipoanza kazi, jioni baada ya kusahihisha madaftari, nikaacha nilipostaafu. Nafungua ukurasa wa masika mmoja: "Kusi limeanza. Kivuko cha Ndundu kimekwama, basi halijafika, gazeti hakuna, sukari hakuna. Jirani kajifungua usiku, mkunga kaja na karabai, mtoto wa kike. Pweza wengi leo, bei imeshuka, mume wangu kafurahi kuliko mimi." Wanafunzi wangu wa mwisho hawakujua Ndundu ilikuwa nini. Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, na namna tulivyoishi upande huu wa mto, tukikatika na nchi kila mvua kubwa, imeshasahaulika. Imo katika kauntabuku yangu, na sijui kama imeandikwa pengine kwa mkono wa mtu aliyeishi hivyo.

Simu imechukua nafasi ya daftari kwangu na kwa wengi. Tunaandika kutwa kuliko babu zetu, salamu, malalamiko, picha za harusi, ubishi wa siasa. Simu ikitumbukia baharini, yote yamekwenda. Kwa utunzaji, hatujamzidi aliyefukia kasha.

Nimenunua kauntabuku mpya, naanza tena, na nakuomba wewe unayesoma ufanye vivyo hivyo leo usiku. Usingoje mgeni aje kukuuliza. Andika tarehe kamili na jina la mahali. Andika bei ya samaki, ya unga na ya nauli. Andika unachofikiri juu ya mwenyekiti wa kijiji, juu ya mahari, juu ya dawa ya mikorosho. Mwulize mama yako na uandike kwa maneno yake mwenyewe. Kama nyumbani kuna kasha lenye barua za khati ya Kiarabu, usilifukie: lipeleke kwa mwalimu wa madrasa anayeisoma, akae na wewe, akusomee, uandike. Kisha weka jina lako kamili kwenye jalada. Yule wa mwaka 1499 tunajua siku aliyozaliwa, lakini hatuna jina la kumwombea dua.