Sehemu ya 7: Vinywele vya mbawakawa na plasta ya mtoto

Angalia kiatu cha mwanao, kile cha kubandika kisicho na kamba. Ukikifungua kinalia kraaa, si ndio? Kibandiko hicho kilianzia Uswisi. Mwaka 1941 mhandisi George de Mestral alirudi matembezini na mbwa wake, wamejaa mbegu za magugu zinazong'ang'ania, kama zile zinazokuganda kwenye sketi ukipita porini. Akaziweka kwenye hadubini, akaona vikulabu. Miaka ya 1950 ikawa Velcro: upande mmoja vikulabu, upande wa pili vitanzi.

Wadudu walishatangulia zamani, tena bila kulabu. Mbawakawa akitua, yale mabawa yake magumu ya juu hufunga na kutulia. Chini yake na mwilini kuna vinywele vidogo mno, vinaingiana. Chukua burashi mbili za nywele, zikutanishe meno kwa meno. Ukivuta kwa pembeni zinagoma, ukizinyanyua zinaachana bila ugomvi. Kereng'ende naye hutumia vinywele vya namna hiyo kukaza kichwa chake wakati anakula (shingo yake nyembamba, masikini). Mtafiti Stanislav Gorb, huko Ujerumani, aliyachunguza haya kwa miaka mingi.

Halafu Wakorea wakaiga. Kundi la Kahp-Yang Suh, Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, lilitengeneza nyuzi za plastiki zinazoingiana kama za mbawakawa. Mwaka 2012 wakazipaka platinamu na kuzifanya kipimo chembamba: kikiguswa kidogo tu, umeme unaopita unabadilika. Kiliweza kusoma mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono.

Mimi nesi kilichonigusa ni kazi yao ya 2011, plasta ya ngozi isiyo na gundi, inashika kwa vijiti vidogo, wazo la nyayo za mjusi. Ngozi ya mtoto njiti ni nyembamba sana, na plasta ya gundi ikibanduliwa kwa haraka inaweza kuondoka na ngozi yenyewe. Alama nyingine zinabaki.

Wodi nyingi bado zinatumia ya gundi. Kwa hiyo mwanao akitolewa kanula, mwambie nesi ailainishe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, aibandue taratibu, aikunje kulala na ngozi, asiivute kwenda juu. Hatukasiriki ukituambia.

Sehemu ya 8, kesho jioni: chupa ya maziwa.