Uganda na Fedha za Utafiti wa Saratani

Katika miji mikubwa ya Marekani na Ulaya imekuwa desturi kwa watu wenye uwezo kukutana usiku katika ukumbi uliopambwa, wakala chakula na kusikiliza muziki, na kulipia kila kiti bei kubwa kuliko thamani ya chakula chenyewe. Ziada hupelekwa katika mfuko wa utafiti wa saratani ya mapafu, au ya viungo vingine. Si vibaya mwenye mali kunyosha mkono wake. Lakini karamu ikiisha na taa zikizimwa, ni nani atakayeibeba kazi hiyo siku zote? Historia ya nchi jirani ya Uganda inatoa jibu.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ireland na kufanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa ajabu tayani. Baada ya kuona watoto wengine wa namna hiyo, aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1958. Hakuwa na maabara kubwa wala mfuko mnono. Kwa ruzuku ndogo alipiga chapa karatasi zenye picha, akawapelekea madaktari wa hospitali nyingi za Afrika. Kisha, mwezi Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu wakielekea kusini. Walipita Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika Kusini, mwendo wa maili kama 10,000 kwenda na kurudi, na kila hospitali waliuliza swali lile lile: je, ugonjwa huu upo hapa? Majibu yalidhihirisha kwamba ugonjwa huo hufuata joto na mvua, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi.

Wakati huo huo vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege hadi London, kwa mtaalamu Anthony Epstein. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kuwa wameona ndani yake virusi ambavyo havikujulikana kabla. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Basi isisahauliwe kwamba katika mfuko wa elimu hiyo, mtoto maskini wa Uganda alikuwa miongoni mwa wachangiaji wa kwanza.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere, Wizara ya Afya ya Uganda na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ambayo ilimleta Dk. John Ziegler kukiongoza. Kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapo ilithibitishwa kwamba saratani hiyo yaweza kuponywa kwa dawa, hata kwa mtoto aliyefika akiwa taabani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Lakini mgeni huondoka. Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na mwaka uliofuata Wamarekani waliifunga mizigo yao. Ni mwaka huo huo wa 1972 ambapo Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Lasker kwa kazi iliyofanyika Mulago. Sifa zilipokelewa Marekani. Wagonjwa walibaki Kampala. Dk. Charles Olweny, mwana wa Uganda, alishika uongozi wa taasisi, naye na wenzake wakaendelea kutibu huku dawa zikiadimika. Taasisi haikufungwa; lakini Dk. Jackson Orem alipokabidhiwa uongozi mwaka 2004, yeye ndiye aliyekuwa daktari bingwa pekee wa saratani nchini humo.

Gharama ya udhaifu huo ilionekana mwaka 2016, pale mashine ya mionzi iliyopatikana mwaka 1995, ambayo ilikuwa ya pekee nchini, ilipoharibika kabisa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo, na ujirani huo mwema wastahili kusifiwa. Hata hivyo, mashine mpya haikuzinduliwa mpaka Januari 2018, na saratani haimngojei mtu.

Waganda wenyewe hawakukaa wakisubiri. Tangu mwaka 2012 klabu za Rotary zimekuwa zikiandaa mbio za kila mwaka, ambapo watu wa kila hali hununua fulana na kukimbia au kutembea barabarani. Lengo la kwanza lilikuwa ni wodi ya saratani katika Hospitali ya Nsambya. Hapo hakuna ukumbi wala kiti cha bei. Mchango wa mtu ni fulana na jasho lake.

Kuhusu saratani ya mapafu, ukweli mkubwa umejulikana tangu mwaka 1950, wakati watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walipoonyesha uhusiano wake na sigara. Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2015, na kuvuta sigara mahali pa umma kukapigwa marufuku. Huo haukuwa uamuzi mwepesi katika nchi ambayo wakulima wa West Nile na Bunyoro wamesomesha watoto kwa fedha za tumbaku. Mkulima huyo naye lazima aonyeshwe zao jingine, la sivyo afya ya mmoja itakuwa njaa ya mwingine.

Fedha za hisani na zipokelewe kwa shukrani, zitoke ukumbini au barabarani. Lakini mashine hununuliwa, madaktari husomeshwa na sheria hutekelezwa kwa bajeti ya taifa na kwa nia ya umma. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na katika ugonjwa huu, hufa kabla ya siku zake.