Ramani za simu zilivyojifunza kuona msongamano, na kwa nini foleni za Busia na Malaba bado zinazitatiza

DEREVA wa lori anayetoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala anapofika Mau Summit, magharibi mwa Nakuru, hujikuta mbele ya njia panda. Barabara moja hupitia Eldoret na Webuye hadi Malaba. Nyingine hupitia Kericho na Kisumu hadi Busia. Njia hizo mbili hukutana tena ndani ya Uganda, kabla ya mji wa Bugiri.

Siku ambayo mpaka mmoja umeziba na mwingine uko wazi, uamuzi unaofanywa hapo waweza kumwokolea dereva saa nyingi, au kumpotezea siku nzima. Zamani aliutegemea ushauri wa madereva wenzake waliotoka upande wa pili. Siku hizi ana simu ya mkononi yenye ramani inayoonyesha, kwa rangi, barabara iliyo wazi na iliyofungana.

Hata hivyo, ramani hiyo inayowaongoza vyema wakazi wa Nairobi katika msongamano wa jioni hukosa uhakika inapofika kwenye vituo viwili vya mpakani vya Kaunti ya Busia. Sababu yake inaeleweka mtu akifuatilia jinsi teknolojia hii ilivyokua, na ni kitu gani hasa ambacho simu hupima.

Kujua ulipo

Msingi wa mifumo mingi ya kuelekeza njia ni GPS, mtandao wa setilaiti uliojengwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ulitangazwa kukamilika mwaka 1995, ukiwa na setilaiti 24 zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,000. Kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti nne kwa pamoja huweza kukokotoa mahali kilipo.

Kwa miaka ya mwanzo, raia wa kawaida walipewa mawimbi yaliyopunguzwa usahihi kwa makusudi, hivi kwamba kifaa kingeweza kukosea kwa mita 100. Katika mji kama Busia, kosa la kiasi hicho latosha kumwonyesha mtu aliyesimama Kenya kuwa yuko Uganda. Rais Bill Clinton aliamuru kizuizi hicho kiondolewe Mei 2000, na tangu wakati huo vifaa vya kuelekeza njia vikaanza kuwa na manufaa kwa wenye magari kote duniani.

Lakini kujua ulipo si kujua hali ya barabara iliyo mbele. Japani ilianza kulitatua tatizo hilo mwaka 1996 kwa mfumo wa VICS, uliotuma habari za msongamano kwenye magari kwa njia ya redio na vifaa vilivyowekwa kando ya barabara. Ujerumani ilifuata mwaka 1997 kwa mfumo wa TMC, uliopitisha habari hizo pamoja na matangazo ya redio za FM.

Mifumo hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa. Ilitegemea vihisio na kamera zilizowekwa barabarani na serikali au mashirika yenye fedha. Nchi isiyo na vihisio haikuwa na habari za kutangaza. Kwa madereva wa Afrika Mashariki, teknolojia hiyo ilibaki hadithi ya mbali.

Simu yawa kihisio

Mageuzi makubwa yalikuja pale wahandisi walipotambua kwamba vihisio vilikuwa tayari mifukoni mwa watu. Mwaka 2007, kampuni ya TomTom ikishirikiana na Vodafone ilianza nchini Uholanzi kukadiria mwendo wa magari kwa kufuatilia jinsi simu zilivyohama kutoka mlingoti mmoja wa mawasiliano hadi mwingine. Mwaka 2009, Google ilianza kukusanya kasi ya simu zenye GPS ambazo wenyewe wameruhusu mahali walipo pajulikane. Nchini Israeli, kampuni ya Waze ilijenga ramani ambayo madereva wenyewe waliripoti ajali, mashimo na vizuizi. Google iliinunua Waze mwaka 2013 kwa takriban dola bilioni moja za Marekani.

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleweka. Kila simu hutuma mahali ilipo na kasi yake. Kompyuta huondoa utambulisho wa mwenye simu, huigawa barabara katika vipande vifupi, kisha hutafuta wastani wa kasi ya simu zote zilizo katika kila kipande. Wastani huo hulinganishwa na kasi ya kawaida ya mahali hapo, kwa siku na saa kama hiyo. Mwendo ukiwa wa kawaida, kipande huwa kijani. Ukipungua huwa cha rangi ya machungwa. Ukikwama huwa chekundu. Muda wa kufika hukadiriwa kwa kuunganisha hali ya sasa na kumbukumbu za majuma yaliyopita.

Faida yake kwa nchi kama Kenya ni dhahiri. Serikali haikuhitaji kufukia waya hata mmoja barabarani. Kilichohitajika ni watu wa kutosha wenye simu na intaneti.

Mahitaji hayo mawili yalipatikana katika muda mfupi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Mwaka 2011 Safaricom ilileta sokoni simu ya Ideos ya kampuni ya Huawei, iliyotumia mfumo wa Android na kuuzwa kwa bei ambayo watu wengi wenye kipato cha wastani waliimudu. Mwaka 2012 ilizinduliwa Ma3Route, huduma ya Kikenya iliyoanzishwa na Laban Okune, ambamo abiria na madereva walipeana habari za barabara wao kwa wao. Watafiti wa IBM nao walijaribu jijini Nairobi mfumo ulioitwa Twende Twende, uliokadiria msongamano kutokana na picha za kamera chache zilizokuwapo.

Foleni isiyo ya mwendo

Mfumo unaopima kasi hufanya kazi vyema pale ambapo kinachozuia magari ni wingi wa magari yenyewe. Mpakani hali ni tofauti. Lori husimama kwa sababu karatasi za mzigo hazijakamilika, mtandao wa forodha umekatika, mzigo umeteuliwa kukaguliwa, au nafasi katika uwanja wa kituo imejaa. Barabara yaweza kuwa nyeupe kabisa na lori lisiweze kuvuka.

Isitoshe, lori lililosimama kwa saa sita halina tofauti kubwa, machoni mwa kompyuta, na lori lililoegeshwa. Dereva akizima injini na kulala, simu yake haisemi kama yuko kwenye foleni au amepumzika kwa hiari yake.

Tatizo jingine ni boda boda. Jina hilo lenyewe lilizaliwa katika mpaka huu, pale waendesha baiskeli walipowabeba abiria na mizigo yao kutoka boda moja hadi nyingine, wakivuka eneo lililo katikati ya vituo vya nchi hizi mbili. Baiskeli nyingi zimebadilishwa na pikipiki, na kila mwendeshaji ana simu. Pikipiki hizo hupita kando ya malori yaliyosimama bila kupunguza mwendo. Wastani wa kasi ukichanganya simu ya boda boda na ya dereva wa trela, jibu litakalotoka halimfai yeyote kati yao.

Udhaifu wa aina hiyo ulidhihirishwa mjini Berlin mapema mwaka 2020. Msanii Simon Weckert alijaza simu 99 katika kigari cha mkono, akakivuta taratibu katika barabara tupu, na ramani ya Google ikaigeuza barabara hiyo kuwa nyekundu. Google ilijibu kwamba imeweza kutofautisha magari na pikipiki katika nchi kadhaa zikiwamo India, Indonesia na Misri, lakini vigari vya mkono bado.

Funzo la corona

Mwaka huohuo wa 2020 ulizipa ramani mtihani mwingine. Uganda ilipoanza kuwapima virusi vya corona madereva wote wa malori mpakani, foleni zilirefuka kwa makumi ya kilomita kutoka Malaba kurudi ndani ya Kenya. Kumbukumbu za miezi iliyotangulia hazikuwa na kitu cha kufanana na hali hiyo. Google ilieleza baadaye mwaka huo kwamba ililazimika kubadili mifumo yake kote duniani, ikitilia uzito mienendo ya majuma mawili hadi manne yaliyopita na kupuuza ya zamani zaidi. Januari 2022 foleni zilirejea, madereva walipogoma kupinga ada ya kupimwa corona wakiingia Uganda, na mafuta yakaadimika katika nchi hiyo isiyo na bandari.

Foleni kama hizo haziwaumizi madereva pekee. Wakazi wa mitaa ya mpakani, kama vile Burumba mjini Busia, huishi kando ya trela na matangi ya mafuta yaliyosimama. Mgonjwa anayekimbizwa hospitalini, mwanafunzi anayevuka barabara na mama muuza samaki wote hupita katikati ya malori hayo.

Jicho la pili

Lori la mizigo inayopitishwa kwenda nchi jirani huwa na jicho jingine juu yake. Mwaka 2017, mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kielektroniki. Kontena hufungwa lakiri yenye GPS inayotuma mahali ilipo hadi vituo vya uangalizi. Lakiri ikivunjwa, au lori likiacha njia iliyoidhinishwa, maafisa hupata ishara papo hapo.

Hapa ndipo mifumo miwili inapokinzana. Ramani ya simu humwambia dereva, "Malaba kumefungana, pitia Busia." Lakini hati zake za forodha zimetaja kituo cha kutokea, na lakiri iliyo nyuma yake inajua hivyo. Akigeuka bila idhini, kengele italia. Mwenye uhuru wa kubadili njia kwa kutazama rangi za ramani ni dereva wa gari dogo, wala si yule anayepoteza zaidi kwenye foleni.

La kutafakari ni kwamba habari anayoihitaji dereva ipo. Lakiri zinajua malori mangapi yamesimama na kwa muda gani. Forodha inajua hati ngapi zinasubiri. Mamlaka ya Uratibu wa Ushoroba wa Kaskazini, yenye makao Mombasa, imekuwa ikichapisha takwimu za muda wa kuvuka mipaka. Lakini habari hizo zilikusanywa kwa ajili ya kulinda ushuru na kuandaa ripoti, si kwa ajili ya mtu aliye nyuma ya usukani. Kuzifungua kwake kutahitaji makubaliano ya nchi mbili, kila moja ikiwa na sheria ya kulinda data iliyopitishwa mwaka 2019.

Nafuu kubwa zaidi mpakani haikuletwa na ramani. Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri na lori husimama mara moja tu, katika nchi wanayoingia, badala ya mara mbili. Malaba nako kukawa na utaratibu kama huo. Foleni ilipunguzwa kwa kuondoa kilichoisababisha.

Kwa anayeelekea mpakani leo, ramani ya simu ibaki msaada, ila isomwe kwa tahadhari. Rangi nyekundu kilomita kadhaa kabla ya Malaba ni ishara ya kuaminika kwamba malori yamekwama. Rangi ya kijani si hakikisho la kuvuka, kwani huenda ni mwendo wa pikipiki. Mwenye mzigo athibitishe kwanza kwa wakala wake wa forodha kwamba hati zimekamilika kabla ya lori kuukaribia mpaka. Hilo hakuna setilaiti iwezayo kulijibu kwa niaba yake.