Rubani wa Ziwa Tanganika

Vijana wa katekisimu waliniuliza siku moja: ni nani aliyeruka kwa ndege kwanza katika nchi zetu hizi za katikati ya Afrika? Walidhani nitawatajia jina la Mwingereza au la Mwamerika. Nikawajibu kwamba anayehesabiwa wa kwanza ni kijana Mbelgiji, mwana wa kijiji cha Kachtem katika Flandria ya Magharibi, jina lake Aimé Behaeghe, aliyezaliwa mwaka 1890. Hakuja kuonyesha mchezo wala kuchukua barua. Alikuja kupigana vita.

Ili tufahamu sababu ya kuja kwake, yatupasa kukumbuka hali ya ziwa siku zile. Mwezi wa Agosti 1914, vita ilipoanza Ulaya, meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, ilivuka ziwa ikaipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, karibu na mlango wa mto Lukuga. Tangu siku ile Wadachi walikuwa mabwana wa maji yote. Tena mwaka 1915 wakaongeza meli nyingine kubwa kupita zote, Graf von Götzen. Ilijengwa kwao Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa mpaka Kigoma na kuungwa tena. Waingereza walileta mashua zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakaiteka meli moja ya Wadachi na kuizamisha nyingine. Walakini ile kubwa hawakuigusa.

Basi Wabelgiji wakawaza: kama haifikiki kwa maji, labda itafikika kwa njia ya juu. Wakaazima kwa Waingereza ndege nne za aina ya Short, zenye kukaa juu ya maji kama bata, kila moja ya watu wawili, injini yake ya nguvu za farasi 150. Mkubwa wa kikosi alikuwa de Bueger. Behaeghe alikuwa mmoja wa marubani.

Hapa nataka kukawia kidogo, maana vitabu hupita mbio. Ndege zile hazikuja kwa kuruka. Mwanzo wa mwaka 1916 zilikuja katika masanduku, kama Götzen ilivyokuja. Meli iliwafikisha Matadi. Kutoka Matadi gari la moshi mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Kisha mashua ya mto mpaka Stanleyville, leo Kisangani. Gari la moshi tena kupita maporomoko mpaka Ponthierville, leo Ubundu. Mashua mpaka Kindu yetu ya Maniema. Gari la moshi mpaka Kongolo, mashua mpaka Kabalo, na mwisho reli mpaka Albertville, ndiyo Kalemie, ambayo ilikwisha kujengwa mwaka 1915 tu. Ukihesabu utaona kwamba masanduku yale yalibadilishwa chombo mara saba. Kila mara ni mabega ya watu, si mashine. Mabawa ya mti na kitambaa hayavumilii kutupwa. Yalibebwa kwa uangalifu na watu ambao hawajaona ndege hata siku moja, wala hawakuambiwa ni kitu gani.

Na hao walikuwa na bahati, maana kazi yao ilikuwa kituoni. Wenzao walitwaliwa vijijini kuchukua vyakula na risasi nyuma ya askari. Katika vita ile wapagazi wa Kongo walipata 260,000 hivi, na Maniema ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotoa watu wengi. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milimani, kwa njaa na uchovu.

Ziwani marubani walipata taabu ya namna nyingine. Kwanza walikaa Mtoa, lakini mawimbi ya Tanganika si ya kuchezea; ndege haiwezi kuondoka juu ya maji yanayopanda na kushuka. Wakahamia kijiziwa cha Tongwe, chenye maji matulivu. Tena ziwa lenyewe liko juu, kadiri ya metre 770 na zaidi kutoka bahari, na hewa yenye joto ni nyepesi: injini huchoka, mabawa hayashiki vema. Ndege iliyochukua watu wawili na mabomu ilikuwa karibu kushindwa kujiinua.

Hata hivyo Behaeghe aliinuka. Mwezi wa Juni 1916, yeye na mwenzake Collignon, mwenye kazi ya kuangalia na kuelekeza, walivuka ziwa mpaka Kigoma, safari ipitayo kilometre 120, bila kisiwa cha kutua njiani, wakatupa mabomu juu ya bandari ilimokaa Götzen. Ushujaa huo siwezi kuudharau. Injini ikizimika, chini ni maji matupu na mamba.

Lakini vijana wangu walipofurahi na kupiga makofi, niliwaambia wangoje. Kigoma iko karibu sana na Ujiji. Na Ujiji, tangu zamani za biashara, ulikuwa mji wa Wamanyema wengi, watu waliotoka pande hizi zetu za Kasongo na Kabambare, wakakaa huko, wakazaa huko. Wapadri Weupe nao walikuwa wakihubiri ng'ambo zote mbili tangu walipofika Ujiji mwaka 1879. Kwa hiyo watu wa Maniema walibeba masanduku upande huu, na watu wa asili ya Maniema waliinua macho upande ule kuona ndege inatoka wapi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ugomvi na mwenziwe.

Na meli je? Wabelgiji walijisifu kwamba imepigwa, walakini mabomu hayakuizamisha. Mwezi wa Julai 1916 Wadachi waliona jeshi la Wabelgiji linakaribia kwa nchi kavu. Mzinga mkubwa wa Götzen, uliotoka katika manowari Königsberg, ulikwisha kuondolewa uende kupigana bara, na mahali pake palisimama mzinga wa uongo wa mti. Tarehe 26 Julai wakaizamisha wenyewe, baada ya kupaka injini mafuta mazito zisile kutu. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba, ikachukua abiria na samaki na mahindi kwa miaka mingi sana. Nimecheka peke yangu nilipofahamu habari hiyo: mafundi waliopaka mafuta waliona mbali kuliko majemadari.

Behaeghe hakuuona mwisho wa vita. Hakupigwa risasi, wala hakuanguka ziwani. Aliugua, akafa mwezi wa Desemba 1916 huko Niemba, katika reli ya kati ya Kabalo na Kalemie, naye hajatimiza miaka 27. Mahali padogo, pameona misiba: tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba hiyo hiyo, waliuawa askari tisa wa Irlandi waliotumwa na Umoja wa Mataifa. Nao walitoka mbali.

Yeye, aliyeshinda upepo na mawimbi, alikufa kwa ugonjwa, kama walivyokufa wapagazi. Tofauti ni kwamba siku yake iliandikwa.

Siku ya Marehemu Wote tulipokusanya majina ya kuombea, kijana mmoja aliniomba tumtie rubani yule. Nikakubali. Kisha akauliza: na wapagazi, tutawaandikaje, maana majina yao hatuna? Alishika kalamu, akawaza, akaandika mstari mmoja chini ya Behaeghe Aimé: babu zetu wa Kabambare na Kasongo waliobeba. Padri akausoma hivyo hivyo.