Magofu ya Kinu cha Sukari, Pangani



Habari za Abushiri bin Salim wengi wetu tulizisoma kidato cha pili, tukazijibia maswali, kisha tukazisahau. Likizo iliyopita sisi watatu tuliowahi kuketi dawati moja tulikodi mashua mjini Pangani, tukapanda na mto kwenda kutazama magofu ya kinu cha sukari.

Kilichobaki si kingi. Ziko kuta za mawe na chokaa zilizopasuliwa na mizizi, na vyuma vilivyoliwa na kutu. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Ndiyo haya tuliyoyafuata?" Ndiyo haya, na yana mengi ya kusema.

Katika karne ya 19 kingo za mto huu zilijaa miwa. Wenye mashamba, wengi wao Waarabu, walikopa fedha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na waliolima ni watumwa. Sasa, muwa ukishakatwa haungoji. Usiposhindikwa upesi, maji yake huchacha na hasara humwangukia mwenye deni. Kwa hiyo msimu wa mavuno watu walikata, walibeba, walishindika, kisha wakasimama mbele ya moto kukoroga masufuria makubwa. Desturi ya zamani ya pwani ilimwachia mtumwa wa shamba siku kadhaa za kulima konde lake mwenyewe. Kinu kilizimeza siku hizo.

Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi. Walitoroka, wakajihami Kikogwe, kusini ya mto, na mabwana zao wakashindwa kuwarudisha.

Miaka 15 baadaye, Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani, na pwani ikawaka moto. Abushiri aliongoza vita hivyo kwa ushujaa mpaka aliponyongwa papa hapa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Lakini Abushiri naye alikuwa na shamba la miwa na watumwa. Jambo hilo sikulikuta katika daftari langu la shule.

Je, tumvue ushujaa? La. Aliyepinga kutawaliwa na wageni alipinga kweli, na alilipa kwa roho yake. Lakini watu wa Kikogwe walipigania uhuru kabla yake, tena uhuru wa miili yao. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Vijana mliopo shuleni sasa, nawaomba jambo moja. Mwalimu akiwauliza nani alipinga uonevu Pangani, mwandikieni Abushiri, kisha ongezeni mstari wa pili: watoro wa Kikogwe, 1873. Na mkipata nafasi, nendeni mkayaone magofu kabla mizizi haijamaliza kazi yake.

Wasalaam,
Mwenzenu wa zamani